Nani Kasema Msimbazi Umezeeka?

Jumamosi moja tulikaa kijiweni kwetu kama kawaida, watu kumi na wawili, viti vya kuazima, chai ya rangi, kila mtu na daftari lake. Mwenzetu mmoja akasimama akasoma shairi. Jina lake simtaji, kwanza ni rafiki yangu, pili siku ile alipigiwa makofi kuliko mimi. Shairi lilimhusu babu yake. Babu ni mto, mto ni Msimbazi, na Msimbazi umezeeka. Unajikongoja. Umepinda mgongo. Unapita kona kona kwa sababu hauna tena nguvu ya kunyooka, mwisho unajitupa baharini pale Salander kama mtu anayejitupa kitandani. Watu wakasema aisee. Dada mmoja akajifuta machozi.

Mimi sikupiga makofi. Nilinyamaza siku ile maana si adabu kumkatia mtu shairi lake, lakini nimekaa na jambo hili wiki tatu na sasa nalisema hadharani: shairi lile ni la uongo. Na uongo wenyewe si wa mwenzetu peke yake, ni wetu sote tuliokaa darasani tukachora ule mchoro.

Unaukumbuka, ndugu msomaji. Somo la jiografia, sekondari. Mwalimu anachora mlima kushoto na bahari kulia, halafu anakata mto katika vipande vitatu. Juu ni mto kijana: unaruka maporomoko, unachimba korongo, una fujo. Katikati ni mto mtu mzima. Chini ni mto mzee: umepanuka, umepoa, unazunguka zunguka uwandani na kubwaga mizigo yake. Tukanakili, tukapaka rangi ya buluu, tukapata alama zetu, basi. Tangu hapo kila mwandishi chipukizi anayetaka kusema neno juu ya uzee anakimbilia mtoni.

Mchoro huo una mwenyewe. Ni William Morris Davis, profesa wa Harvard, Marekani. Mwaka 1889 aliandika juu ya mito na mabonde ya Pennsylvania, na mwaka 1899 akaueleza mpango wake kwa ukamilifu: nchi inainuliwa, mito inaanza kuichonga, inapitia ujana, utu uzima na uzee, hadi milima inabaki karibu tambarare. Tumtendee haki marehemu. Yeye alikuwa akihesabu umri wa nchi nzima, mamilioni ya miaka, wala hakuwa anapima nguvu za mto wa mtaani kwetu. Lakini hadithi yake ilikuwa tamu mno. Mtoto, mtu mzima, mzee, kaburi! Nani asiyeielewa? Wanasayansi walianza kuipinga angali hai, na baadaye wakaiweka kando. Sisi tumebaki nayo madaftarini.

Nataka mtu aniambie Kilombero una umri gani. Pale Ifakara mto huo umejitandaza kwenye uwanda mpana, una kona, una matawi, una madimbwi yaliyoachwa na njia zake za zamani, masika maji yanatawala bonde lote. Kwa mchoro wetu, huyo ni mzee kabisa, tayarisheni sanda. Haya, teremka nao. Unafika maporomoko ya Shuguli, unakutana na Luwegu na jina linakuwa Rufiji. Maporomoko si ujana? Endelea: mto unaingia korongoni, pale lilipojengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Korongo! Mzee amekuwa mvulana. Toka korongoni, Rufiji unatandaza tena kona zake uwandani, na pembeni kuna maziwa kama Tagalala na Manze, hadi Utete na delta. Kwa hiyo mzee, kijana, mzee tena, katika safari moja. Mimi binadamu wa namna hiyo sijamwona, labda wale wanaopaka nywele piko.

Watasema Rufiji ni mto wa ajabu. Sawa, tuzungumze kasi, maana ndiyo hoja yao kubwa: juu mto una mbio, chini umechoka. Mwaka 1953 Mmarekani Luna Leopold alichukua vipimo vya mito mingi akakuta kinyume cha macho yetu. Kwa wastani, kasi ya maji haipungui kadiri mto unavyoshuka. Mara nyingi inaongezeka kidogo. Kule mlimani kuna kelele na povu kwa sababu maji yanagonga mawe, yanageuka, yanarudi nyuma, yanapoteza nguvu yake kwenye msuguano. Chini mto una kina, kitako chake ni laini, maji mengi yanapita bila kugusa chochote. Hayapigi kelele. Mtu anayesimama darajani anaona uso umetulia anasema mzee kapoa. Huo ni ujinga wa kupima nguvu kwa makelele, na hapa mjini tungekuwa tumeshajifunza.

Sasa hizo kona. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mwenzetu alipokosea zaidi. Alisema mto unapinda kwa kukosa nguvu.

Chukua kikombe cha chai ya majani, usichuje. Koroga, toa kijiko, tazama majani yanakwenda wapi. Ungetegemea yatupwe pembeni kama abiria wa daladala kwenye kona. Hapana. Yanajikusanya katikati, chini. Albert Einstein, ndiye huyo huyo, alikiandikia kikombe hicho makala mwaka 1926, na makala yenyewe ilihusu kona za mito. Maji yanayozunguka yanasukumwa nje, kwa hiyo yanainuka kidogo pembeni mwa kikombe, na kimo hicho kinayasukuma yarudi ndani. Maji ya juu yana mbio, yanaweza kuhimili. Ya chini yamepunguzwa mwendo na kitako cha kikombe, hayawezi, yanasukumwa katikati yakiwa yamebeba majani. Basi mto ukifika kwenye kona unafanya vile vile. Maji ya juu yenye mbio yanabanwa ukingo wa nje, yanazama hapo, yanauchimba mguu wake. Yakifika chini yanatambaa kurudi upande wa ndani yakikokota mchanga, na huko yanautua. Nje panamomonyoka, ndani panajengeka fungu la mchanga. Kwa hiyo kona inazidi kuwa kona. Ikizidi sana, shingo iliyobaki kati ya kona mbili inakuwa nyembamba, siku ya mafuriko mto unaikata na kupita moja kwa moja, na kona ya zamani inabaki peke yake kama ziwa lenye umbo la kwato.

Hiyo ni kazi, tena kazi ngumu. Mto unakata ardhi kwa mkono mmoja na kujenga kwa mkono wa pili, mchana na usiku, bila likizo. Wala hauhitaji kuwa na umri wowote. Hata vijito vya maji yaliyoyeyuka juu ya barafu, ambavyo vimeanza kiangazi hiki hiki, vinapinda. Na kona zenyewe zina kipimo: ukipima kona mbili zinazofuatana, nje na ndani, hadi mto urudi ulikoanzia, urefu wake huwa karibu mara 10 hadi 14 ya upana wa mto, iwe kijito cha kuruka kwa hatua mbili au Mississippi. Mlevi hapepesuki kwa kipimo. Mzee aliyekosa nguvu pia.

Mtasema huyu bwana kakasirikia shairi tu. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Nimekulia Kigogo, kwa shangazi, nyumba ya vyumba vinne ukingoni mwa Msimbazi. Tulikuwa nje ya kona, ingawa wakati huo hakuna aliyejua kwamba kuna nje na ndani. Kati ya mlango wa uani na ukingo palikuwa na mwembe, mpapai, choo, jiko la kuni, kamba ya kuanikia, na bado watoto tulipata pa kucheza mpira. Nilikuwa nahesabu hatua: 31, hatua za mtoto. Desemba 2011, yale mafuriko yaliyoua watu wasiopungua 40 hapa Dar es Salaam, tulilala juu ya paa la jirani. Maji yalipopungua tulikuta mwembe umesimama, lakini mizizi yake ya upande wa mto inaning'inia hewani. Shangazi akasema Mungu mkubwa, mto umerudi kwake. Wengi wa bondeni walipelekwa Mabwepande mwaka 2012. Sisi hatukuwa kwenye orodha, tulibaki.

Watu wanadhani ni mafuriko yanayokula nyumba. Mafuriko yanatisha, yanapigwa picha, wakubwa wanakuja na mabuti. Lakini ukingo wetu ulikuwa unakatika hata wiki isiyo na mvua. Maji yakishuka, udongo uliolowa unabaki mzito, mguu wake umeshachimbwa chini kwa chini, saa nane za usiku unasikia pwa! Asubuhi hatua moja haipo. Mwembe ulikwenda masika ya 2013. Choo kikafuata, na sitaeleza ilivyokuwa. Aprili 2018 ukuta wa chumba cha uani ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, tukatoa vitanda usiku ule ule. Nyumba yenyewe ilidondoka siku ya nne, jua linawaka, watoto wa mtaa wakitazama kama sinema.

Ng'ambo, upande wa Ilala, mambo yalikuwa kinyume. Kule kuna mzee mmoja, mkulima wa mchicha na matembele. Kila mwaka alikuwa anasogeza matuta yake mbele kuja kwetu, akipanda kwenye mchanga mpya na matope yaliyotuama juu yake. Shangazi alikuwa akisimama ukingoni, mikono kiunoni, anamrushia maneno ambayo hata jarida hili haliwezi kuyachapisha. "Mwizi wewe! Kiwanja changu unakilima mchicha!" Mzee wa watu anainua kofia, "Shikamoo mama," yeye mzee anamwamkia mdogo wake kwa dhihaka, halafu anaendelea kumwagilia. Miaka saba walizozana hivyo. Nami niliamini. Macho yangu yaliona: kwetu panapungua, kwake panaongezeka. Hesabu gani tena?

Hesabu ilikuwapo. Mwaka 1945 mhandisi wa Kimarekani aitwaye Friedkin alichapisha majaribio yaliyofanywa Vicksburg, katika jimbo la Mississippi, ya mito midogo iliyotengenezwa kwa mchanga. Alikuta kwamba mchanga mwingi unaokatika ukingo wa nje hauvuki kwenda ng'ambo. Unateremka na mto na kutua kwenye fungu linalofuata, upande ule ule. Ukifikiri kidogo ni wazi: kona hii ikiisha, inayofuata inapinda kinyume, kwa hiyo upande uliokuwa nje sasa uko ndani. Mchanga wa mchicha wa yule mzee ulikuwa umetoka kwa watu wa juu, wa upande wake mwenyewe. Kiwanja cha shangazi kilikuwa kimeshuka mto, kikajilaza kwenye fungu la chini yetu, upande wetu wa Kigogo.

Na pale kwenye fungu la chini unajua kulikuwa na nini? Kulikuwa na vijana wenye makoleo. Nilisoma na wawili wao. Wanachota mchanga mchana, wanaupanga ukingoni, jioni linakuja Fuso, linapakia, linaondoka kwenda kwa wanaojenga. Ukichota mchanga kitakoni mto unatafuta mwingine wa kujazia, na mwingine ni huo wa mguu wa ukingo. Kwa hiyo kona ikapata haraka zaidi. Siwatukani vijana wale, walikuwa na watoto, na usiku polisi, mchana polisi. Nawauliza wenye nyumba. Chumba cha uani cha shangazi, mwembe, kiwanja chetu cha mpira, viko kwenye plasta ya ukuta wa mtu mjini hapa. Inawezekana ni ukuta ule ule tuliokaa kando yake Jumamosi ile tukisikiliza kwamba Msimbazi umechoka.

Ndiyo maana nasema shairi lile si kosa dogo la lugha. Ukishasema mto ni mzee, umeshasema hauendi popote. Unaweza kujenga karibu naye, atakuwa analala. Unaweza hata kumwekea karakana ya mabasi ya mwendokasi katikati ya bonde la Jangwani, na karakana ilijengwa, na maji yameingia mara kadhaa, na kila mara yalipoingia tuliambiwa kwamba mto "umeacha njia yake." Sentensi hiyo ichunguzeni, nyie mnaojiita watu wa lugha. Njia ya mto ni ipi? Ni ule mfereji unaouona kiangazi? Ardhi yote tambarare ya Jangwani ni mchanga na matope yaliyoletwa na mto huo huo. Uliwezaje kuyaweka pale kama haukuwahi kupita pale? Bonde zima ndiyo njia. Mfereji ni mahali mto ulipo mwaka huu. Na Msimbazi si mrefu, kutoka vilima vya Pugu hadi Salander haufiki kilomita 50, mvua ikipiga kule juu, chini hupati muda wa kukusanya vyombo.

Wengine wanakuja na dawa: nyoosheni mto, upigwe saruji, kona ziishe. Watu wa Florida walifanya hivyo. Mto Kissimmee ulikuwa na kilomita 166 za kona. Kati ya 1962 na 1971 wahandisi waliunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90. Ardhioevu ikakauka, ndege wakahama, na kuanzia 1999 hadi 2021 serikali ilitumia fedha nyingi mno kufukia sehemu ya mfereji ili maji yarudi kwenye kona zake za zamani. Sisi tunaweza kujifunza bure, lakini bure huwa hatujifunzi. Tangu 2022 kuna mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kuna watu wamelipwa kuhama. Nitapima mradi huo kwa swali moja tu: mto umeachiwa nafasi kiasi gani ya kupinda? Mengine ni maua ya bustani.

Na msinielewe vibaya, sisemi watu wa bondeni ndio wenye makosa. Desemba 2015 nyumba zilipigwa X nyekundu na tingatinga likaja, na gazetini watu wale waliitwa wavamizi wa mto. Shangazi alinunua kiwanja chake kwa hati ya serikali ya mtaa, yenye muhuri, mashahidi wanne. Kilikuwa mbali na mto. Mto ndio uliomfuata, kwa hatua nilizohesabu mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kufika mlangoni kwake kumwambia mama, hapa uko nje ya kona, mwenzako wa ng'ambo yuko ndani. Maneno hayo yangetosha. Hayahitaji digrii, yanahitaji mtu wa kuyasema kwa Kiswahili. Nauliza: ni kazi ya nani kuyasema kwa Kiswahili kama si yetu?

Shangazi sasa yuko Chanika. Mwezi uliopita nilikwenda nikamchorea yote haya chini, kwa kijiti, kona kwa kona. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu, yule mzee nilimtukana bure?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, halafu akasema nimpelekee salamu, na nisimwambie zinatoka kwa nani.

Nilizipeleka. Mzee yupo bado, matuta yamepungua maana amechoka yeye, mto haujachoka. Alijua mara moja zimetoka kwa nani. Akanifungia mafungu mawili ya mchicha akasema nimpelekee yule mama mwenye maneno.

Mwenzetu mwenye shairi ana haki ya kunijibu, na namwomba mhariri ampe ukurasa mzima toleo lijalo. Ila kabla hajaandika ashuke Kigogo, asimame mahali ilipokuwa nyumba yetu. Ataijua kwa ngazi mbili za saruji zinazoangalia hewani. Achomeke kijiti hatua tano kutoka ukingoni, arudi baada ya masika, ahesabu tena. Nitakwenda naye akitaka. Aje na viatu vya kuchafuka.